Rubani Hakupotea

Kwa mwanangu Twaiba,

Salamu zangu unazo, kwa kuwa uko chumba cha chini unakunja nguo na mamako, na mimi niko juu darini nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Usinicheke. Tangu asubuhi nimefungua mdomo mara mbili nikuambie ninalotaka kukuambia. Mara ya kwanda nikakuuliza kama umetia mwavuli sandukuni. Mara ya pili nikakuuliza tena mwavuli, ukanitazama. Nikaona hapa hapana ila kalamu.

Mwalimu wako wa darasa la pili alikuwa akikufutia "kwanda" akaandika "kwanza", "nde" akaandika "nje", "nti" akaandika "nchi", "mato" akaandika "macho". Mimi hakuna wa kunifutia. Nikisema nti na ndia na kwanda ndivyo tusemavyo, na neno hilo la kwanda lina kazi yake katika barua hii, kwa hivyo nimeliacha lilivyo.

Ya chakula, ya baridi ya Nairobi, ya watu wa kuwaamini na wa kuwakimbia, mamako keshayasema yote na mengine keshayarudia. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nina muda mpaka magharibi, maana nikishuka kuswali nikarudi nitapata sababu ya kutoandika. Najijua.

Ni habari ya ile ndege ya juu ya kabati.

Jumatatu nilikuwa mlangoni natengeneza komeo, na nyinyi mlikuwa ndani. Nikakusikia ukimwambia mamako, "Huko mafundi hupewa skrubu kwa hesabu. Zikitoka kumi, zirudi kumi. Na mimi ndimi Bi Rubani, Mama. Nikipoteza moja ndani ya injini ya ndege yenye watu, je?" Mamako akacheka. Wewe hukucheka. Ukasema siku ya kujiandikisha chuo huruhusu mtu abadilishe somo, na kwamba unafikiria kuacha ufundi uhamie mambo ya tikiti na mizigo. "Huko nikipoteza, nitapoteza sanduku la mtu tu."

Bisibisi ikaniponyoka mkononi. Ukauliza, "Baba, nini hicho?" Nikakujibu, "Si kitu." Huo ulikuwa uongo, na ni mdogo. Mkubwa wake una miaka kumi na moja, na ndio huu ninaoutoa leo.

Ulikuwa na miaka minane. Ami yako Lali alikuwa baado baharia kwenye meli za mizigo, na safari moja akaleta boksi alilolipata duka la vitu vikuukuu, bandari ambayo hata yeye haikumbuki. Pembe za boksi zimeliwa, kamba imefungwa mara tatu, na juu yake picha ya ndege ya vita ya zamani, ile ya pangaboi puani, imelala ubavu juu ya bahari. Pembeni ami yako ameandika kwa kalamu ya wino: Ya Twaiba. Ukalifungua, ukaona vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana na vijiti kama mishikaki, ukaanza kulia. "Imevunjika!" Nikakwambia, "Haijavunjika. Haijaundwa."

Ukanyamaza papo hapo. Ukasema, "Basi tuiunde."

Nakumbuka ulisema tuiunde, mimi na wewe. Nikakuahidi nitakufunza, na nilichokufunza wiki tatu nzima ni kushika tochi. Ndege ilikuwa yako kwa maandishi ya ami yako. Nikaichukua. Nilikuwa fundi wa majahazi, mwana wa Matondoni, nimeunda vyombo vya kubeba magunia mia tatu. Mtu kama mimi ataelekezwa na karatasi ya picha iliyoandikwa lugha asiyoijua? Karatasi ile niliikunja nikaifanya ya kuwekea gundi.

Hata hiyo gundi iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa imekauka ndani ya tyubu ikawa jiwe. Nikatumia supaglu ya dukani, ile ambayo ikishika kidole huenda na ngozi. Vipande nilivikata vijitini kwa kikatakucha cha mamako, nikavisugua kwa msasa, na kazi hiyo, wallahi, niliifanya vizuri. Nisijinyime.

Sasa sikiliza ufundi wetu ulivyo. Fundi wa Matondoni hulaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, akasimamisha mti wa hanamu mbele na wa fashini nyuma, kisha hupiga mbao za nje mpaka chombo kipate tumbo. Umbo likikaa, ndipo aingie ndani kutia mataruma, zile mbavu. Bwana Omari aliyenifunza kazi alikuwa akitugonga vichwa kwa mpini wa tezo akisema, "Nde kwanda, ndani baadaye!" Nimelisikia hilo mpaka limeingia damuni. Basi nilipoiona ndege ile ina mwili wa nusu mbili, kushoto na kulia, mkono wangu haukuuliza. Nikaipaka supaglu pembeni, nikaibana, nikaifunga. Nde kwanda.

Na wewe ulisema. Huenda umesahau, mimi sikusahau. Ulikuwa umepiga magoti upande wa kushoto na tochi yako, karatasi umeikunjua magotini, na kidole kiko kwenye picha ya kwanda kabisa. Ukasema, "Baba, na huyu mtu? Mbona yeye ndiye namba moja?" Nikakwambia, "Nyamaza, mulika hapa."

Asubuhi yake ulikuwa chuoni kusoma Kurani. Nikakaa nitie kile kioo cha juu, nikachungulia, nikaona shimo tupu. Rubani na kiti chake walikuwa baado kijitini. Kiti kile kimetengenezwa kina masikio mawili ya kushika ndani ya mbavu za ndege, na tundu la juu halimpitishi. Alitakiwa akae kwanda, kisha afungiwe. Kwa ndege, ndani ndiyo mwanzo. Kila mtoto wa nti nyingine anayeunda kitu hiki analijua, kwa kuwa anaanza na picha ya kwanda. Sisi peke yetu, watu wa nde kwanda, ndio wa kukosea hivyo.

Nilijaribu kumlazimisha. Nikamsukuma kwa kidole gumba, mguu wake wa kushoto ukakatika. Mguu nikautupa dirishani kwa hasira. Rubani nikamtia katika kibweta cha patasi, chini kabisa, chini ya kile kitambaa cha mafuta. Kisha nikabandika kioo. Mvuke wa supaglu ukakipaka ukungu mweupe kwa ndani, hata ukitazama huoni kitu, nami nikashukuru. Mtu mzima, fundi, ameharibu kazi, anashukuru! Uliporudi ukauliza, "Rubani yumo?" Nikasema kazi yako ni tochi.

Mengine unayakumbuka. Nikaziba mwanya wa tumbo kwa puti ya boti za faiba, nikaipaka rangi ya mashua, ikawa nzito mno ikaufuta mistari yote ya mabati. Wewe ndiye uliyepita na sindano ya mamako ya kushonea kofia, ukaichora upya mstari mmoja mmoja. Ile karatasi ya namba za kubandika tulipoitia majini ikamumunyuka kama biskuti ndani ya chai. Nikatukana, nikaenda kuswali. Niliporudi nikakuta umechovya sindano ile ile katika rangi nyeupe na umeandika tarakimu tano kila ubavu karibu na mkia, kwa kuzitazama kwenye boksi. Hakuna iliyopinda. Hakuna iliyodondosha. Mtoto wa miaka minane! Nikakwambia nini? Nikakwambia, "Usiguse bila kuulizwa."

Ijumaa ile wakaja wageni kuiona: Bwana Omari na wenzake wawili kutoka Matondoni. Nilikuwa nimeipigia mbiu mwenyewe. Wakaipitisha mikononi, wakaisifu, na Bwana Omari akaisifu zaidi zile namba. "Mkono huu, Shee, mashallah." Nikaipokea sifa kama yangu. Kisha akaiinua kwenye mwanga, akakwambia, "Bi Twaiba, mulika hapa kwenye kioo." Ukamulika. Ukungu hauishindi tochi, na tochi hiyo nilikufunza mimi kuishika.

Akasema, "Ala! Chombo hiki hakina rubani?"

Walinigeukia wote. Ningeweza kusema, "Nimekosea, nimefunga nde kwanda." Wangenicheka mpaka siku ya pili, na Bwana Omari angechekea kosa lake mwenyewe, maana neno ni lake. Yangekwisha hapo. Badala yake nikasema, "Mtoto kampoteza."

Ulinitazama. Ukaweka tochi chini, ukapiga magoti, ukaanza kutafuta chini ya mkeka, mbele yao. Uliniamini mimi kuliko ulivyoyaamini mato yako. Mwanangu, kama ungelia au ungebisha ningekuwa na la kujitetea.

Siku tatu ulitafuta. Mamako alitaka kukanda mahamri, chekeche lake halipo, akalikuta kwako: unachekecha vumbi la sebuleni, ungo mmoja wa vumbi lililopita na ungo mmoja wa lililobaki. Nilipita mlangoni nikaliona hilo. Kibweta kilikuwa mkononi mwangu, nakwenda kazini. Nilipita.

Na Bwana Omari, asiyejua, kila akija mjini akikukuta ndiani akawa anakutania, "Bi Rubani, umemuona?" Unajua mji wetu wa Amu. Jina likishuka barazani halirudi. Watoto wakalidaka, muuza duka akalidaka, hata mamako. Na sasa umepata nafasi ya kusomea kutengeneza ndege, mtaa mzima unasema jina lilijua zamani, na wanakupongeza kwalo. Hawajui wanakuita mpotezaji. Wewe unajua. Nimekuona unavyofunga mlango, ukarudi kuujaribu, ukarudi tena. Nimekuona unavyohesabu vikombe. Mamako husema mtoto huyu ni mwangalifu mno, kamfuata nani? Mimi hutoka nje.

Nitakusimulia moja la ujana wangu, si kwa kujisifu. Nilipokuwa najifunza kazi Matondoni nilisahau patasi ndani ya mashua, tukapiga sakafu juu yake. Nilikumbuka tuko kwenye kula. Nikainuka na tonge mkononi, "Bwana Omari, patasi yangu iko chini ya sakafu." Alinitukana mpaka babu wa tatu. Kisha tukang'oa mbao nne, tukaitoa, tukarudi tukala wali uliopoa. Hakuna aliyewahi kuniita Bwana Patasi.

Nimejiuliza mara nyingi, mtu huyo huyo aliyeinuka na tonge mkononi, kwa nini alishindwa kwa kidoli cha plastiki? Jawabu nililolipata halipendezi. Patasi ikigonga mbao mashua hupasuka, na maji hayamwogopi mtu. Kazini nilisema kweli kwa kuwa maji yangesema nisiposema. Nyumbani hapakuwa na maji. Nilidhani mtoto haingii maji.

Kwa hivyo wosia wangu ni mfupi na si wa mtu mwema, ni wa mtu aliyejaribu kinyume chake akaona. Siku utakayoangusha skrubu, na utaangusha kwa kuwa una mikono, sema hapo hapo, hata kama tonge liko mdomoni. Watakutukana. Matusi ya siku moja ni mepesi, mimi nimebeba kimya miaka kumi na moja na nakwambia ni kizito. Na ukisimamia watu siku moja, na mdogo wao akakuonesha picha ya kwanda kwa kidole, itazame.

Na hilo la kubadilisha somo. Ukilibadilisha kwa kuwa umeona tikiti zakupendeza, badilisha, nitakuwa radhi. Lakini usilibadilishe kwa ajili ya Bi Rubani anayepoteza vitu, maana mtu huyo hayupo. Nilimuunda mimi, Ijumaa baada ya alasiri, ili wazee watatu wasinicheke. Wewe katika nyumba hii hujapoteza hata kifungo. Aliyepoteza mwavuli ni mimi, ndiyo maana nauulizia.

Jana mlipokwenda kuagana na shangazi yako niliishusha ndege. Nikaupasua mwili kwa wembe wa msumeno, nikifuata ule mstari wa gundi. Supaglu si mchezo, bawa moja limepata ufa. Namba zako sikuzigusa, zimebaki zima, nusu huku na nusu huku. Ndani mlikuwa mtupu na msafi.

Na leo baada ya swala ya alasiri nilikwenda barazani. Neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi chumbani. Bwana Omari, kama ujuavyo, siku hizi anakaa kwa binti yake hapa mjini, na kila alasiri yuko pale pale. Wale wawili wengine mmoja Mungu kamrehemu, mmoja yupo. Nikasimama nikasema, "Mwanangu hakumpoteza rubani. Nilifunga nde kwanda, nikamvunja mguu, nikamficha, nikamsingizia mtoto."

Kisha Bwana Omari akasema, "Shee! Miaka yote hii watulisha uongo kwa ajili ya kidoli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi ndiye niliyemwita jina." Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Yule mwengine akasema basi jina tulitoe, kuanzia leo asiitwe. Bwana Omari akamkatiza. "La. Si letu kulitoa wala kuliweka. Kesho nitakwenda gatini kumuaga, nitamwita Twaiba. Akilitaka lile, ataniambia mwenyewe." Kisha akanigeukia akanitukana, sitakuandikia alivyonitukana. Niliondoka pale nimetukanwa, na ndiani nikaona nimekwenda upesi kuliko kawaida yangu.

Kwa hivyo kesho kabla ya kuvuka Mokowe, mzee wa watu atakuwa gatini na mkongojo wake. Utakavyomjibu ni juu yako. Na mimi nitakuwapo, nitabeba sanduku. Ukitaka kuzungumza nami, tuzungumze. Ukitaka kuvuka bila kunitazama, nitajua barua umeisoma, na sanduku nitalibeba vile vile. Sikuombi unisamehe upesi. Wewe ulitafuta siku tatu, na mimi nina nafasi ya kungoja.

Ndege nimeiacha wazi juu ya meza ya kushonea ya mamako, na ile karatasi ya picha nimeinyoosha nikaiweka kando yake. Sikuiunga tena. Ni yako, imeandikwa kwenye boksi. Ukija likizo ukapenda kuiunda, nitashika tochi.

Rubani nimekutilia ndani ya bahasha hii, nimemfunga kwa karatasi ya sigara asipotee. Mtoe umtazame. Mguu wake wa kushoto haupo. Usiutafute.

Babako,
Shee